Somo: Ndege wa majira ya baridi Wales, na kwa nini unafika unakuta tope tupu

Kila Novemba swali ni lile lile: "Nimekwenda Newport, nimezunguka asubuhi nzima, nimeona tope na bata wawili. Ndege wako wapi?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu. Ndege wapo. Mnachokosea ni saa ya maji kujaa na kupwa.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa 8 mchana ni ile ambayo simu yako inaandika 14:00.

Hatua ya 1: Darubini. 8x42 (inakuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42) inatosha. Usinunue ya kukuza mara 20 ya kushika mkononi, picha itacheza tu.

Hatua ya 2: Mavazi. Nguo tabaka tabaka, koti la mvua, gambuti, glovu. Jinzi iache nyumbani, ikilowa haikauki.

Hatua ya 3: Chagua pwani kwanza, siku baadaye. Kaskazini kuna Conwy na mlango wa mto Dee. Kusini kuna Newport Wetlands, Goldcliff na Llanelli. Pwani hizi mbili hazijai kwa wakati mmoja, kwa hiyo siku nzuri ya huku inaweza kuwa mbovu ya kule.

Hatua ya 4: Maji. Hapa someni polepole.

Ndege wa matopeni hula maji yakipwa, na wakati huo wametawanyika mbali kabisa, vidoa tu. Maji yakianza kujaa yanawasukuma kuja ufukoni, mpaka wanabanana kwenye vipande vichache vilivyobaki vikavu. Hapo ndipo utawaona maelfu pamoja, wamesimama wote wakiutazama upepo. Fika ukiwa na muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, ukae mpaka yaanze kupwa tena.

Aliyekulia Lamu au Mombasa hahitaji kufundishwa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga) na maji mafu (maji madogo ya katikati ya hapo). Mwezi ni ule ule. Kilichobadilika ni kipimo: bamvua ya Mombasa kwa kawaida haifiki mita 4, ya Newport inafika mita 12. Maji mafu hayafai kwa kazi hii, hayana nguvu ya kuwatoa ndege kwenye tope. Sasa sikilizeni panapowaangusha wengi:

Bandari. Conwy na Dee hufuata jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Liverpool, na Conwy hutangulia kidogo. Kule bamvua hujaa kati ya saa 5 asubuhi na saa 7 mchana, mwanga tele. Newport bamvua hujaa saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kisha tena jioni. Mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa 2 na kuzama mnamo saa 10 jioni, kwa hiyo bamvua kubwa ya kusini hujaa gizani au alfajiri. Dawa yake: kusini nenda siku mbili tatu baada ya kilele cha bamvua. Kujaa kutakuwa kumesogea hadi kama saa 4 asubuhi, na maji bado yana nguvu. Ukitumia jedwali la Liverpool kwenda Newport umepoteza siku.

Urefu. Msisome saa peke yake. Kwenye jedwali la Liverpool tafuteni mita 9 na zaidi. Chini ya 8 bakini nyumbani. Namba hizo msizipeleke Newport, kule mita 9 si kitu.

Saa za kiangazi. Majedwali mengi huchapwa kwa GMT mwaka mzima. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi hakuna tatizo. Nje ya hapo ongeza saa moja.

Hali ya hewa. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari moja, bahari hupanda takriban sentimita moja. Jumlisha upepo mkali unaovuma kutoka baharini, maji yatapita kilichoandikwa. Siku ya dhoruba usiegeshe gari karibu na maji.

Na hili naliandika peke yake: usishuke kwenye tope wala kwenye uwanda wa majani ya chumvi. Vijito hujaa nyuma yako kabla hujaona maji mbele yako. Ukiona kibao cha PERYGL, maana yake hatari. Ukikwama, piga 999 na uombe Coastguard (waokoaji wa pwani). Usimtume mwenzako akufuate.

Hatua ya 5: Umbali. Ndege wakiinua vichwa na kuanza kutembea kukukimbia, umeshakaribia mno. Rudi nyuma. Wamekuja pale kupumzika, na kila wakirushwa wanachoma mafuta waliyoyalia kwa shida. Mbwa awe kwenye kamba.

Hatua ya 6: Andika. Aina, idadi, mahali, saa. Ingiza kwenye BirdTrack, mtandao wa kuweka kumbukumbu za ndege, ni bure.

Maswali hapa chini.

---

Dada_Cardiff: Asante kwa somo. Kwa hiyo Newport niende lini?

Mwandishi: Hatua ya 4, dada, kipengele cha bandari.

Mkuu_wa_Kaya: Mimi nilikwenda Conwy saa ya maji kujaa kabisa, dakika kwa dakika. Hamna kitu. Somo lako lina walakini.

Mwandishi: Jedwali lilisema mita ngapi?

Mkuu_wa_Kaya: 7.4.

Mwandishi: Hayo ni maji mafu. Imeandikwa.

Mpwani77: Mkuu, naomba kuelewa kitu. Kwa nini watoroke baridi halafu waje Wales, ambako nako ni baridi? Na wote wanakula tope lile lile, hawagombani?

Mwandishi: Swali zuri sana. Kwa ndege hawa Wales ni joto. Wale wa kijivu waitwao knot, wanaoruka kundi zima kama moshi pale Dee, huzaliana Greenland na visiwa vya kaskazini mwa Kanada, ambako ardhi yote huganda. Huku bahari ina vuguvugu, tope huganda kwa nadra, na ndani yake chakula kimejaa.

Kugombana hupungua kwa sababu ya midomo. Dunlin, yule mdogo, ana mdomo mfupi, anaokota vikonokono na minyoo ya juu juu. Knot hutafuta vijikombe vidogo (vya jamii ya chaza), anavimeza vizima na gamba lake, kisha firigisi inavisaga. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda, anaufikia mnyoo aliye chini kabisa kwenye shimo lake. Simama dakika 10 umtazame mmoja tu: anatia mdomo wote mpaka usoni, anauzungusha kidogo, anavuta taratibu ili mnyoo usikatike.

Ukienda likizo, pita Mida Creek pale Watamu kati ya Novemba na Februari. Sululu utamkuta. Na yule mweupe mdogo anayekimbizana na wimbi ufukoni, sanderling, yuko Mida na yuko Wales msimu mmoja.

Mpwani77: Ahsante sana. Kumbe bamvua tunayoijua kwa kuvua ndiyo hiyo hiyo.

Mwandishi: Ndiyo hiyo. Wewe umeshamaliza nusu ya somo.

Kijana_Swansea: Mimi naweka sauti ya ndege kwenye simu, wanakuja wenyewe. Rahisi kuliko hesabu zote hizi.

Mwandishi: Acha. Anakuja kwa sababu anadhani mwenzake amevamia eneo lake. Mwezi wa Januari mchana ni wa saa 8 tu, na dakika anazopoteza kutafuta adui asiyekuwepo ni dakika za kula. Na kwa makundi ya matopeni haina kazi yoyote.

Kijana_Swansea: Ni swali tu mkuu, usikasirike.

Mwandishi: Sijakasirika. Ila acha.

Mama_Wawili: Shikamoo. Nina watoto wa miaka 6 na 9, hatuna gari. Tope hawataliweza. Tuanzie wapi?

Mwandishi: Marahaba mama. Mna njia mbili, zote nzuri.

Ya kwanza, hifadhi ya RSPB (shirika la kulinda ndege) pale Conwy. Mnashuka treni Llandudno Junction, mnatembea kidogo mmefika. Njia ni nzuri, kuna vibanda vya kuangalizia, na ngome ya Conwy inaonekana ng'ambo. Mabwawa yale yalitengenezwa kwa udongo uliochimbwa kwenye handaki la barabara ya A55.

Ya pili, kwenzi (starling) wa mji wa Aberystwyth. Hulala chini ya gati kuanzia Oktoba hadi Machi. Mnasimama barabarani kando ya bahari, saa moja kabla ya jua kuzama, basi. Vikundi hutoka mashambani kidogo kidogo, vinaungana, vinacheza angani mpaka kiza. Chagueni jioni kavu isiyo na upepo. Mvua ikinyesha huingia moja kwa moja bila kucheza. Mkipata wa kuwapa lifti, tangulieni Bwlch Nant yr Arian kwenye A44. Mwewe wekundu hulishwa pale kila siku, wakati wa baridi saa 8 mchana. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwewe hao walikuwa wamebaki jozi chache tu Uingereza nzima, zote hapo katikati ya Wales. Baada ya mwewe muda unatosha kushuka kwa kwenzi.

Bw_Gambuti: Nilisikia risasi asubuhi pale Dee. Niwapigie simu polisi?

Mwandishi: Wawindaji wa bata wanaruhusiwa ufukoni kuanzia 1 Septemba hadi 20 Februari. Wewe baki kwenye njia.

Dada_Cardiff: Nimelielewa jedwali sasa. Swali jingine: darubini yangu inaganda ukungu kila nikirudi kwenye gari.

Mwandishi: Kioo cha baridi kikikutana na hewa yenye unyevu lazima kiote ukungu. Iache ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto polepole. Usiifute kwa glovu yenye mchanga, utakwaruza kioo. Ukiangalia ukiwa ndani ya gari, zima hita kwanza. Hewa ya moto ikitoka dirishani ndege wataonekana kama wako nyuma ya mvuke wa sufuria.

Bw_Gambuti: Na sisi wenye miwani?

Mwandishi: Shusha vile vikombe vya mpira vya machoni mpaka chini kabisa, usivue miwani. Kisha funga jicho la kulia, rekebisha la kushoto kwa gurudumu la katikati. Funga la kushoto, rekebisha la kulia kwa pete iliyo kwenye tundu la kulia la darubini. Fanya hivyo mara moja, kisha uiwekee pete hiyo alama kwa kalamu ya rangi.

Mpwani77: Mdiria je? Mke wangu anataka mdiria tu, haya makundi hayamhusu.

Mwandishi: Mpeleke Spinnies Aberogwen, karibu na Bangor. Mdiria huja kwenye fimbo iliyo mbele kabisa ya kibanda, hasa wakati wa baridi. Kaeni kimya, msitoe mikono dirishani.