Soko la Hoteli Likikatika, Nyumbani Pawe na Debe

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alipatikana hapa hapa Arusha, akatangazwa tarehe 16 Machi 2020, mvua za masika zikiwa ndiyo zinaanza. Aprili ndege za kimataifa zikasitishwa. Hoteli zikabaki bila wageni, na wakulima wa Meru waliokuwa wakizipelekea mboga wakabaki na mboga zao.

Nakumbuka shamba la mama mmoja jirani na Tengeru. Brokoli zilikuwa zimefunguka maua ya njano, nyuki wamejaa, naye anazifyeka kwa panga awapelekee ng'ombe. Ndani hakuwa na debe hata moja la mahindi. Unga alizoea kununua kwa pesa ya hoteli. Jirani yake mwenye migomba, maharage na mnavu aliendelea kwenda sokoni, maana masoko yetu hayakufungwa na watu hawakuacha kula.

Sisemi uache brokoli. Inalipa, na watalii wamerudi. Lakini kabla hujaipa shamba lote, toa kwanza eneo la chakula cha nyumbani. Pima: debe moja la mahindi linakaa siku ngapi kwako? Likikaa siku kumi, mwaka unataka madebe 36 au 37, yaani magunia sita na kidogo. Hayo hayauzwi, hata dalali akija na bei nzuri.

Pembeni weka mnavu. Ukichuma ncha unachipua tena, na mbegu huhitaji kununua. Acha mashina machache yaliyo bora bila kuchuma, matunda yaive kabisa, yaponde ndani ya maji, mbegu zilizokomaa zitazama. Zikaushe kivulini. Mwaka ule duka la pembejeo likikosa mzigo, mwenye mbegu yake alipanda.

Ninachokiona kila msimu, na kinaniuma, ni mahindi yaliyolimwa kwa jasho yakiharibikia stoo. Anika juu ya turubai, si ardhini, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Kisha chukua chupa kavu, tia mahindi mpaka theluthi, weka kijiko cha chumvi kavu, tikisa vizuri, uiache itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Isipoganda, bado nakushauri uongeze siku moja au mbili za jua.

Ndipo ujaze mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa. Kamua hewa, funga kila tabaka peke yake, uupange juu ya mbao mbali na ukuta. Dawa haihitajiki, wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa, mradi panya asiutoboe. Mahindi ya kula mwezi huu yaweke kwenye chombo kingine, ili mifuko mingine isifunguliwe kabla ya zamu yake.