1001: kupima 7, 11 na 13 kwa mkupuo mmoja

Kanuni za kugawanyika kwa 2, 3, 5 na 9 karibu kila mwanafunzi anazo kichwani. Ikifika 7 au 13, kalamu zinasimama. Ndiyo maana huwa naanza na 1001.

Hatua ya 1: Tafuta vigawo vyake tasa

1001 ni witiri, kwa hiyo 2 haiingii. Jumla ya tarakimu zake ni 2, basi 3 nayo haiingii, wala 5. Lakini 7 inaingia mara 143, na 143 ni 11 × 13. Andika juu ya daftari: 1001 = 7 × 11 × 13. Yote yanayofuata yanatoka hapo.

Hatua ya 2: Izidishe kwa namba ya tarakimu tatu

357 × 1001 = 357,000 + 357 = 357,357. Mwambie mwanafunzi achague namba yake ya tarakimu tatu, aiandike mara mbili mfululizo, agawe kwa 7, jawabu aligawe kwa 11, kisha kwa 13. Atarudi kwenye namba aliyoanza nayo. Hapa usiwaharakishe, waache warudie mpaka wenyewe waulize kwa nini.

Hatua ya 3: Pima namba kubwa

Tuchukue 48,361,612. Igawe katika makundi ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha toa na ujumlishe kwa kupokezana:

612 − 361 + 48 = 299

Sasa shughulika na 299 tu. Ni 13 × 23, kwa hiyo 48,361,612 inagawanyika kwa 13. Ukigawa 299 kwa 7 inabaki 5, kwa 11 inabaki 2, na namba kubwa ina mabaki hayohayo.

Kwa nini? Elfu moja imepungukiwa na 1 tu kufikia 1001, basi kila elfu unaihesabu kama kutoa 1. Milioni imezidi kwa 1 namba inayogawanyika kwa 1001, kwani 999,999 = 999 × 1001, basi kila milioni unaihesabu kama kujumlisha 1. Alama zinapokezana hivyo hata namba iwe ndefu vipi.

Hatua ya 4: Angalia alama ya hasi

Hapa ndipo wengi wanapoteza maksi. Kwa 912,345 unapata 345 − 912 = −567. Kwa 7 hakuna shida: 567 = 7 × 81, inagawanyika. Kwa 13, 567 inabakiza 8, lakini jawabu si 8. Kwa kuwa ni hasi, toa 8 kwenye 13: baki ni 5.

Hatua ya 5: Geukia desimali

1/7 = 0.142857… na 1/13 = 0.076923…, tarakimu sita zikijirudia. Zikate katikati ujumlishe: 142 + 857 = 999, na 076 + 923 = 999. Sababu ni ileile. Ukigawa 1000 kwa 7 unapata 142, baki 6. Hiyo 6 na ile 1 uliyoanza nayo zinakamilisha 7, kwa hiyo nusu ya pili inajaza pengo la nusu ya kwanza.

Zoezi

Pima 7,436,429. Makundi yake yanatoa 429 − 436 + 7 = 0, kwa hiyo 7, 11 na 13 zote zinaingia. Igawe kwa 1001 upate 7,429, kisha endelea na namba tasa zinazofuata: 17, 19 na 23. Usiache mpaka ubaki na 1.