Kusoma kumbukumbu ya santrali ya simu ya zamani bila kupoteza namba

Kijana wa Kamalondo aliniletea kadi kuu ya santrali ya ofisi (mashine inayounganisha simu za ndani na laini za nje), betri ameshaitoa ili aisafishe. Namba za ndani na mpangilio wa laini vyote vilikuwa vimefutika. Ndiyo maana naandika hatua hizi.

1. Santrali ikiwa bado inawaka, nakili mpangilio wote kwa simu ya kuprogramu. Andika kwenye daftari.

2. Zima, chomoa laini (simu inapolia hupita volti 75 hadi 90), fungua. Kiangazi cha Lubumbashi hewa ni kavu, na umeme wa mwilini huua chipu: gusa chuma cha boksi kwanza.

3. Betri. Hapa usiharakishe. Mpangilio unakaa kwenye RAM (chipu ya kumbukumbu inayosahau ikikosa umeme), mara nyingi 62256 ya kilobaiti 32, na betri ndiyo inayoishikilia umeme ukikatika. Ukiichomoa RAM hiyo uipeleke kwenye kisomaji cha chipu, utasoma takataka tu. Pima betri ikiwa kwenye kadi. Nyingi za zamani ni nikeli-kadimi ya volti 3.6. RAM hiyo huhitaji angalau volti 2. Ukiona chini ya 2.5, rudisha umeme mara moja. Kubadilisha: unganisha betri tatu ndogo za AA mfululizo, kisha seti hiyo iwe sambamba na ile ya zamani, chanya ipitie dayodi ya Schottky (hupitisha umeme upande mmoja tu) ili kadi isizichaji. Hasi iungwe kwanza. Chomoa kifaa cha kulehemu kwenye soketi ya umeme kila unapogusa kadi. Toa ya zamani, weka mpya ya aina ileile, kisha ondoa za AA. Usiweke ya lithiamu mahali pa nikeli-kadimi: kadi itaichaji, nayo inaweza kupasuka. Ikiwa ya zamani imevuja, safisha shaba kwa siki kidogo, halafu spiriti.

4. EPROM, chipu inayotunza programu ya santrali hata bila umeme, ndiyo yenye kidirisha cha kioo. Usibandue kibandiko chake, mwanga wa jua huifuta polepole. Ing'oe kwa koleo la chipu, si bisibisi. Bisibisi hukata njia za shaba chini ya soketi.

5. Isome kwa kisomaji cha TL866 na programu ya minipro kwenye Linux, ukichagua jina kamili, kwa mfano 27C256. Soma mara mbili, linganisha mafaili. EPROM zikiwa mbili pembeni ya prosesa ya biti 16, baiti zimegawanywa kati yao kwa zamu: moja hapa, inayofuata kule. Zichanganye kwa zamu hiyohiyo kabla ya kutafuta maandishi ndani.