Kusimamia mkataba wa kubadilisha mabomba ya maji mjini

Mkandarasi akishalaza mabomba na kulipwa, zinabaki kazi ndogondogo zenye usumbufu: kuunganisha na mtandao wa zamani, kuhamisha wateja, kurudishia lami. Miradi mingi hukwama hapo, kwa sababu pesa imekwisha na mafundi wameshahamia saiti nyingine. Dawa yake huandikwa kwenye nyaraka za zabuni. Mkataba ukishasainiwa, umechelewa.

Kwenye BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei), usiandike "kununua na kulaza bomba" kwa mstari mmoja. Tenganisha bomba lililofika saiti, kulaza na kufukia, kupima presha, kila unganisho la mtandao wa zamani, na kila mteja aliyehamishwa. Andika pia kwamba mita iliyolazwa italipwa asilimia 80, na 20 zilizobaki zitatoka kipande hicho kikishapimwa, kikasafishwa na kuanza kupitisha maji. Bei zikifika, kagua kama mzabuni hajapandisha bei ya bomba halafu akaandika kuhamisha mteja kwa bei ya soda.

Kabla ya kutangaza zabuni, chimba mashimo ya majaribio kwenye kila unganisho. Michoro ya zamani inadanganya. Zungusha futi kamba kwenye bomba lililopo, soma mzingo, gawa kwa 3.14. Ukisoma milimita 529, kipenyo ni kama 168, yaani bomba la chuma la inchi 6. La plastiki linalochukua nafasi yake ni 160, na la asbesto huwa nene kuliko yote mawili. Kiunganishi kikiagizwa kwa kukisia, mtaro utakaa wazi wiki kadhaa. Jaribu na valvu za zamani usiku: isiyofunga hadi mwisho, iingize kwenye BOQ sasa. Bomba la asbesto liache ardhini na ulaze jipya pembeni. Pale ambapo lazima likatwe, tumia msumeno wa mkono huku ukilimwagia maji, kamwe si grainda.

Kibali cha kukata barabara, cha TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini Tanzania) au TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) kulingana na mwenye barabara, kiwe mkononi kabla ya kumkabidhi mkandarasi saiti. Kikichelewa kwa upande wako, umempa haki ya kuongezewa muda, na fidia ya ucheleweshaji huwezi tena kumkata kwa siku hizo.

Ratiba ya mkandarasi ipime kwa viungo. Kilomita 2 za HDPE (bomba la plastiki linaloungwa kwa kuyeyusha ncha kwenye mashine) ya milimita 160, vipande vya mita 12, ni mabomba 167 na viungo 166. Kwa unene wa SDR 11 (kipenyo ni mara 11 ya unene wa ukuta wa bomba), kiungo kimoja hupoa kwa takribani dakika 20 kikiwa bado kimebanwa kwenye mashine, kwa hiyo mashine moja ikitoa viungo 12 kwa siku ni siku 14, bila mvua wala jenereta kufa. Anayeahidi siku 6 kwa mashine moja anafungua klampu bomba likiwa la moto, na viungo vya namna hiyo ndivyo vinavyoachia wakati wa kupima.

Mwamba upimwe pamoja na mkandarasi kabla haujavunjwa, kwa upana wa mtaro ulio kwenye mchoro, si upana aliochimba yeye. Hakuna kufukia kabla ya picha, kina na saini ya msimamizi.

Pima presha kwa vipande vya mita 500 hivi, mara 1.5 ya presha ya kazi, geji ikiwa sehemu ya chini kabisa. Usipime dhidi ya valvu iliyofungwa: ikivujisha, hutajua tatizo ni bomba au valvu. Weka kifuniko kwenye ncha ya bomba na zege la kukizuia. HDPE hutanuka, kwa hiyo presha kushuka kidogo mwanzoni si lazima iwe ni uvujaji. Utaratibu wa kusubiri na kuongeza maji uandikwe kwenye mkataba, la sivyo mtabishana siku nzima.

Kusafisha: mita 500 za bomba hilo zina takribani lita 6,700. Kwa miligramu 25 za klorini kwa lita unahitaji gramu 168, sawa na gramu 260 za unga wa klorini wa asilimia 65. Baada ya saa 24 ibaki angalau miligramu 10 kwa lita. Ikiwa pungufu, suuza, rudia. Maji hayo yasimwagwe mtoni kabla ya kuondolewa klorini.

Bomba la zamani libaki na maji hadi dira zote zihamishwe, kila mteja akiwa na fomu yake iliyosainiwa. Kisha lifungwe kwa valvu wiki nzima kabla ya kukatwa na kuzibwa ncha zote. Aliyesahaulika, au aliyejiunganishia kimya kimya, atakuja mwenyewe ofisini kulalamika, na mkandarasi akiwa bado yupo saiti.