Kinundu cha mgongoni na cha kichwani: jinsi ya kuvijua, na kwa nini usivikamue

Unaoga, unajisugua mgongoni, mkono unakutana na kigololi chini ya ngozi, hakiumi wala nini. Au uko kwa msusi anakugawa nywele anasimama ghafla, "dada we, huku una nini?" Mara nyingi ni moja ya sisti mbili (sisti ni kifuko kilichojaa kitu chini ya ngozi), epidamoidi au pila, na hizi ni ndugu kabisa, ndo maana watu wanazichanganya.

Mtaani tunaziita uvimbe wa mafuta ila ndani hamna mafuta bana. Kuna keratini, kile kitu kinachotengeneza kucha na nywele, imejazana kwenye kifuko inakuwa kama uji mzito mweupe na epidamoidi ikipasuka harufu yake utahama nyumba. Zote mbili zinaanzia kwenye tundu la unywele, tofauti ni ghorofa tu: epidamoidi inatoka juu karibu na mdomo wa tundu, ambako ukuta wake ni sawa na ngozi ya nje, pila inatoka chini zaidi kwenye ala inayovalisha mzizi wa unywele.

Sasa kuzitofautisha. Anza na mahali: usoni, shingoni, nyuma ya sikio, kifuani, mgongoni, hata kwenye ngozi ya korodani (wanaume msione aibu kuonyesha), hapo fikiria epidamoidi. Kichwani kwenye nywele fikiria pila, maana katika pila kumi, tisa hivi zinakaa huko. Alafu washa tochi ya simu utafute kidoti cheusi katikati, kile ndo mdomo wa tundu, epidamoidi nyingi zinacho na ukiibana ngozi pale inaingia ndani kidogo kama kitovu. Pila haina kidoti, ni ngumu na laini juu kama goroli, na mara nyingi hazikai peke yake. Alafu uliza nyumbani! Pila inarithiwa, mzazi akiwa na hiyo ya ukoo kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata, na wanawake wanapata zaidi. Kwetu shangazi anazo tatu, bibi alikuwa nazo, na miaka yote tuliambiwa ni kwa sababu ya kubeba ndoo kichwani.

Kama ni laini kama tonge la ugali, iko chini zaidi na inakuteleza kwenye vidole, hiyo labda ni lipoma, yenyewe kweli ni mafuta.

Haya, kukamua. Mi nilikamua yangu ya mgongoni, nikamwita mdogo wangu anisaidie, ikatoka uchafu kidogo tukashangilia, siku ya pili mgongo umewaka moto siwezi kuegemea kiti. Kumbe ule ukuta wa epidamoidi ni mwembamba, ukibana unapasukia ndani, keratini inamwagika kwenye nyama na mwili unaishambulia kama mwiba. Sio lazima kuwe na wadudu hapo, kwa hiyo zile amoksilini za kujinunulia duka la dawa mara nyingi hazifanyi kitu. Na kitunguu saumu usiweke, kinaunguza ngozi.

Ikishavimba weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10 mpaka 15, mara tatu kwa siku, usiiguse zaidi ya hapo, na kama inazidi kuuma au una homa nenda hospitali. Wanaweza kupasua wakatoa usaha upate nafuu, ila hapo kifuko bado kimo, itarudi, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa ikitulia rudi waitoe yote.

Kama haikusumbui iache, hailazimishi kutolewa. Ukitaka itoke, ni ganzi ya sindano, mkato mdogo, nyuzi chache, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Muulize daktari swali moja tu, "unatoa na kifuko chake?" Pila hapo ni raha, ukuta wake mnene inachomoka nzima kama kokwa la zambarau, epidamoidi inataka mkono wa subira, hasa ile iliyowahi kukamuliwa maana imeshagandana na nyama pembeni. Na mwambie kinyozi mapema, mashine ikipita juu ya pila inaichana.

Usisubiri kama inakua haraka, imeng'ang'ania chini haisogei, au ina kidonda kinachotoka damu. Na mtoto aliyezaliwa na kinundu kwenye mstari wa katikati wa pua au kichwa, jamani msiguse kabisa, hiyo ni habari nyingine, inaweza kuwa na njia mpaka ndani ya fuvu, apelekwe apigwe picha kwanza.