Eya klina ya kuosha kwa gari la porini: uchague ipi na uitunze vipi

Wakuu, kiangazi kikishika, kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 10, barabara ya kushuka kutoka Ngorongoro kupita Olduvai mpaka Naabi, geti la kuingilia Serengeti, inakuwa vumbi tupu, tena si mchanga wa kawaida, mengi ni majivu ya volkano ya miaka mingi yamesagika laini kama poda, na injini yako ndo inavuta hayo hayo. Piga hesabu mwenyewe: 1HZ, ile injini ya dizeli ya Land Cruiser, ni lita 4.2 na inavuta hewa mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika inavuta karibu lita 4,000 za hewa kila dakika, na hewa yote hiyo inachujwa na kitu kimoja tu, eya klina, yaani filta ya hewa. Vumbi likipita linakwangua silinda na ringi, kompresheni inashuka, gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, hapo tayari tunaongelea kushusha injini.

Filta ya karatasi original, ile iliyokuja na gari, ni nzuri sana, nisieleweke vibaya, inachuja vizuri kuliko nyingi za kuosha. Shida ni kwamba huko porini inajaa haraka, haioshwi, na mafundi wengi wanaipuliza kwa kompresa ile ile ya kujazia tairi, presha kubwa, karatasi inachanika vitundu ambavyo kwa macho huvioni kabisa na mtu anaondoka anaamini filta yake safi. Kama huwezi kupata mpya kila unapohitaji, au uko wiki nzima mbali na duka la spea, ndo ya kuosha inakuwa na maana.

Za kuosha ziko aina tatu. Ya pamba yenye wavu wa waya na oili nyekundu, hizi za kampuni ya K&N ndo wengi wanazijua, inapitisha hewa kwa urahisi, ila kwa vumbi laini inapitisha na vumbi zaidi kuliko karatasi, kwa hiyo kwa njia zetu mimi siipendekezi, labda gari lako linakaa lami muda mwingi. Ya sponji yenye oili, mfano Unifilter ya Australia, hii ndo naiamini kwa vumbi zito kwa sababu vumbi linanasa ndani ya unene wote wa sponji na si juu tu, lakini inataka mtu mvumilivu wa kuiosha. Halafu ya kitambaa cha sintetiki isiyotumia oili, hii ndo rahisi kutunza, na kama gari lako lina sensa ya kupima hewa, kama Hilux na Prado nyingi za dizeli za siku hizi, chagua hii, maana filta ya oili ikizidishwa oili inarukia kwenye sensa, gari linakosa nguvu na taa ya injini inawaka. 1HZ haina sensa hiyo, hivyo sponji iko salama.

Ukienda kununua usiangalie maneno ya kuongeza nguvu za farasi, uliza kama imepimwa kwa ISO 5011, kipimo cha kimataifa cha filta za hewa, na inakamata vumbi asilimia ngapi. Alafu bonyeza ule mpira wa pembeni, uwe laini na unakaa sawasawa kwenye nyumba yake, yaani lile boksi filta inakokaa, filta nzuri yenye mpira uliolegea ni kazi bure, vumbi linapita pembeni.

Kuosha sasa. Sponji: zungushia brashi nje, iloweke kwenye dawa yake ya kusafishia au mafuta ya taa, kanda taratibu mpaka oili ya zamani iachie, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza mpaka maji yatoke meupe. Usikamue kwa kusokota, inachanika kwenye gundi. Petroli usiguse kabisa, inaharibu gundi na moto unaweza kukulipukia. Ikaushe kivulini, ikauke kweli kweli, ukiipaka oili ikiwa na unyevu oili haishiki. Paka oili ya filta ile inayonata, siyo oili ya injini, maana ya injini inashuka yote chini na juu panabaki pakavu. Iweke kwenye mfuko wa plastiki safi uikande mpaka rangi iwe moja kote, ikichuruzika umezidisha.

Ya pamba unapuliza dawa yake ya kusafishia, unasubiri kama dakika 10, unasuuza kwa maji ya presha ndogo kutoka ndani kwenda nje, ndani nje, sio kinyume, usije ukasukumia uchafu upande msafi. Usiikaushe kwa kompresa wala kwa moto. Paka oili kidogo kila mkunjo, subiri dakika 20, palipobaki peupe ongeza. Ya sintetiki sabuni na maji basi.

Na usiioshe kila siku. Filta yenye vumbi kiasi inachuja vizuri kuliko iliyotoka kuoshwa, na kila ukifungua nyumba yake unadondosha vumbi upande msafi. Kama una kale kageji ka filta kanakopanda rangi nyekundu filta ikijaa, kafuate hako.

Kabla ya kurudisha, futa ndani ya nyumba kwa kitambaa kibichi, kagua ule mpira mdogo wa chini unaomwaga vumbi usiwe umepasuka, kaza klampu zote mpaka kwenye mkonga (snorkel, lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu), paka grisi nyembamba kwenye mpira wa filta. Siku ya pili pitisha kidole ndani ya paipu baada ya filta: kikitoka na vumbi kuna mahali panavuja, usisafiri kabla hujapaona.

Sponji inaweza kuchukua siku nzima kukauka, kwa hiyo nunua mbili. Ya pili ikae imeshapakwa oili ndani ya mfuko uliofungwa vizuri nyuma ya siti, jioni kambini unabadilisha, hiyo chafu utaiosha ukifika kwenye maji ya kutosha.