Programu isiyokosea kamwe: kukagua kipimo cha vinundu vya pafu kwa picha za kuigiza

Mwenzangu aliniletea programu yake ya kupima vinundu kwenye picha za CT. Katika majaribio yake, kosa lilikuwa sufuri. Nikajua kuna kitu. Hizi ndizo hatua za kuikagua kwa picha za kuigiza, ambazo ukubwa halisi wa kinundu ndani yake unaujua.

1. Tengeneza tufe la kuigiza kinundu. Kipenyo milimita 6, yaani ujazo wa milimita za ujazo 113. Nyama +40 HU (Hounsfield, kipimo cha msongamano kwenye picha ya CT), pafu −850. Python na NumPy zinatosha. GATE, programu ya kuigiza inayofuatilia fotoni moja moja, iache mpaka swali lako liihitaji kweli.

2. Ligeuze kuwa vokseli, yaani vijisanduku vinavyounda picha ya pande tatu. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku mbili, naye alinasa papo hapo. Alichukua vokseli za milimita 0.7 × 0.7 × 1, akapaka +40 kila ambayo kitovu chake kimo ndani ya tufe. Kisha programu ikakata kwa kizingiti cha katikati ya nyama na pafu, −405, ikahesabu vokseli zilizo juu yake. Itapata zilezile zilizopakwa! Ni mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Kwenye skana, vokseli ya mpakani yenye nusu nyama nusu pafu husoma karibu na hiyo −405.

Basi chora kwenye gridi iliyo laini mara 10 kila upande, kisha piga wastani wa kila vipande 1,000 upate vokseli moja. Tena usilitie tufe katikati ya vokseli. Lisogeze kwa nasibu pande zote tatu, upya kila mzunguko. Likikaa palepale kosa hujirudia lilelile, ukadhani programu imetulia. Na lisogeze kabla ya kupiga wastani. Ukisogeza picha iliyokwisha kupigwa wastani, unaongeza ukungu ambao hukuuomba (hili nalo lilinigharimu jioni nzima).

3. Ukungu, halafu kelele. Ukungu wa Gauss (kulainisha picha kwa mkunjo wa umbo la kengele) unafaa kuanzia. Kelele ya CT, yaani mabadiliko ya nasibu ya thamani, huungana kati ya vokseli jirani, kwa hiyo itengeneze kando, ilainishe, kisha ikuze tena hadi mkengeuko sanifu unaoutaka, maana kulainisha huipunguza.

4. Rudia mara 1,000. Wastani wa kosa na mtawanyiko viandike kila kimoja kivyake. Namba moja tu ya "usahihi" kwa asilimia siipokei. Kosa la kudumu hurekebishika. Mtawanyiko ndio unaoamua kama kinundu kimekua: kutoka milimita 6 hadi 7, ujazo hupanda kwa asilimia 59 hivi.

Tufe la mwenzangu sasa linapimwa dogo kuliko lilivyo, kama inavyotarajiwa kwa kizingiti cha katikati kwenye kitu kidogo chenye ukungu. Anaendelea na la milimita 4.